UZI: Varikosili (mishipa ya korodani kuvimba), dalili zake na haya matone ya homeopathi. Tuongee ukweli

Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, poleni na mihangaiko. Nipo Mwanza, kazi yangu ni ya maabara, yani mimi ndo yule unayemkabidhi kikopo dirishani ukiwa umeinamisha kichwa halafu unaondoka haraka haraka. Nimefungua uzi huu maana swali limekuwa moja kila siku: "nimeambiwa nina varikosili, nimeletewa matone ya homeopathi, niendelee nayo au nikubali kisu?" Na ukimuuliza alikuwa na mbegu ngapi kabla hajaanza hayo matone hajui, hajawahi kupima. Chupa zinaisha anaongeza nyingine, mke nyumbani anasemwa na mawifi kwamba hazai. Hili linaniuma kwa kweli, ndo maana nitaandika kwa urefu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Varikosili ni zile veini zinazotoa damu kwenye korodani kuirudisha juu, zimetanuka na damu inatuama humo. Ndani ya veini kuna vali ambazo kazi yake ni kuzuia damu isirudi chini. Vali zikishindwa, damu inarudi, mishipa inajaa na kujikunjakunja juu ya korodani. Karibu mara 9 kati ya 10 inakuwa kushoto na hii ina sababu yake: veini ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia na inaenda kumwaga kwenye veini ya figo kwa pembe mraba, wakati ya kulia inaingia kiupande kwenye veini kubwa ya tumboni. Kwa hiyo presha ya kushoto ni kubwa. Mara nyingi inaanza kipindi cha balehe, na siyo ugonjwa wa nadra kabisa, katika wanaume 100 kama 15 hivi wanayo, ila kwa wale wanaotafuta mtoto hawapati inafika 35 hadi 40 katika 100. Angalia hapo, maana yake wengi wenye varikosili wanazaa vizuri tu, lakini kwenye foleni ya ugumba wamejaa.

Kinachoumiza mbegu kikubwa ni joto. Korodani zimewekwa nje makusudi, zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu ya tumboni ikituama pale joto linapanda, mbegu zinapungua au zinakosa mbio.

Dalili sasa. Wengi hawana dalili yoyote, wanagundulika wakipimwa kwa sababu nyingine. Mwenye dalili anasikia uzito, maumivu ya kuvuta yasiyo makali, yanaongezeka jioni au akisimama muda mrefu au akibeba vitu vizito, na akilala chali yanapoa. Kuna kijana mmoja kuli wa pale Mwaloni Kirumba, anabeba magunia ya dagaa kutoka kwenye boti mpaka kwenye malori, aliniambia asubuhi yuko fiti, ikifika saa tisa mchana anatembea ameweka mkono mfukoni analishikilia pumbu la kushoto lisining'inie. Akilala dakika chache juu ya turubai maumivu yanaondoka. Hiyo ndo varikosili ilivyo, yani mtu akikusimulia hivyo hata kabla ya kipimo unaanza kuwaza huko. Dalili nyingine ni korodani ya upande huo kuwa ndogo kuliko mwenzake, na kwa ile iliyokomaa unaiona kwa macho, mishipa imetuna chini ya ngozi.

Hapa Kanda ya Ziwa kila kitu cha huko chini kinaitwa ngiri au chango. Ngiri ni utumbo kushuka, ukikohoa uvimbe unashuka kinenani. Busha ni maji yamejaa, ukimulika tochi gizani mwanga unapita. Varikosili haipitishi mwanga, ni mishipa. Na kichocho nacho tusikisahau, maana ukitoka ziwani ukaenda huko Misungwi na Kwimba kwenye malambo na majaruba ya mpunga kuna kile cha kwenye mkojo, kinaleta damu kwenye mkojo na wakati mwingine kwenye manii. Hicho kina dawa yake, prazikwanteli, hakihusiani na mishipa hii. Ukinywa mizizi ya chango wakati una kichocho unakiacha kiendelee kula kibofu.

Na punyeto haisababishi varikosili. Naandika wazi maana vijana wanateseka na hatia bure, wauzaji wa dawa wanaishikilia hiyo hiyo kuwauzia. Vali zimeshindwa kwa maumbile ya mishipa yako, hujajifanyia.

Dalili za kukimbia hospitali usiku huohuo: maumivu makali ya ghafla ya korodani, imevimba, unatapika. Hiyo inaweza kuwa korodani imejinyonga na una kama masaa 6 tu ya kuiokoa, usikae kusubiri kupambazuke. Nyingine, varikosili iliyotokea ghafla ukubwani, au iko kulia peke yake, au ukilala haipungui, hiyo inabidi waangalie figo na tumbo maana kuna kitu kinaweza kuwa kinabana veini huko juu, hata uvimbe wa saratani.

Vipimo: daktari anakupima umesimama, anakushika, anakwambia ukaze tumbo kama unasukuma. Ikishikika ukikaza tu ni daraja la kwanza, ikishikika bila kukaza la pili, ikionekana kwa macho la tatu. Altrasaundi ya dopla inaongezea, inapima upana wa veini na kuona damu inayorudi. Ile inayoonekana kwenye altrasaundi peke yake na mkono haushiki kitu kwa kawaida haipasuliwi, so ukiambiwa na mtu uende mezani kwa karatasi ya altrasaundi tu, uliza vizuri.

Halafu kipimo cha mbegu, hiki ndo changu. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo zuri asilimia 4. Kipimo kimoja hakitoshi, rudia angalau mara mbili. Ukiwa umetoka kuugua malaria yenye homa kali mwezi au miezi miwili nyuma, mwambie mtu wa maabara, maana homa inashusha mbegu na utapewa majibu ya kukutisha bure.

Sasa matone. Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani anaitwa Samuel Hahnemann mwaka 1796, wazo lake ni kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mwenye afya kinatibu dalili hiyo kwa mgonjwa, kikipunguzwa makali kwa kuchanganywa na maji au pombe mara nyingi. Kwa varikosili utapewa hamamelisi, pulsatila, arnika, eskulasi, hizo ndo wanazoziita za mishipa, na chupa imeandikwa 30C au 200C. C moja maana yake sehemu moja ya dawa katika 100, halafu chukua sehemu moja ya huo mchanganyiko weka tena katika 100, 30C umefanya hivyo mara 30. Nimekaa nikapiga hesabu: Ziwa Victoria lina maji kama kilomita za ujazo 2,700, ukidondosha tone moja la dawa pale Kamanga likachanganyika na ziwa lote mpaka Jinja na Kisumu, umefikia karibu 10C. Kwa 30C bado una safari ndefu sana, na ukishapita 12C hivi uwezekano wa kukuta hata chembe moja ya ile dawa ndani ya chupa ni mdogo mno. Baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu. Uingereza mwaka 2017 huduma yao ya afya ikawaambia madaktari waache kuiandika.

Msimamo wangu ni huu: pima kwanza. Hata kama moyo wako umeshaamua matone, pima mbegu kabla hujafungua chupa, pima tena baada ya miezi mitatu, maana mbegu inachukua kama siku 74 kutengenezwa. Namba ndo ikuongoze, siyo maneno ya anayekuuzia. Karibuni tujadili, maswali yoyote, humu hakuna aibu.

Kuli wa Kamanga

Asante sana mkuu, umeniandika mimi kabisa. Nina miaka 27 natembea hivohivo na mkono mfukoni. Niliambiwa ni mshipa wa ngiri nikanywa mizizi weee. Swali, je nikiacha kubeba mizigo inapona? Maana ndo kazi inayonilisha.

Darubini

Pole ndugu. Kuacha mizigo hakuponyi ila kunapunguza maumivu. Vaa chupi ya kubana inayoinyanyua, siyo bukta inayoning'iniza, ukipata nafasi mchana lala chali miguu juu, na dawa ya maumivu ya kawaida kwa siku mbaya siyo kila siku. Ila wewe una miaka 27, na kama huna mtoto bado, nenda ukashikwe na daktari na upime mbegu. Ikiwa mbegu ziko vizuri na maumivu yanavumilika unaweza kukaa nayo ukipima mara moja kwa mwaka, wala hulazimiki kupasuliwa. Na jiangalie usije ukawa na ngiri kweli juu yake, kwa kazi ya magunia inawezekana vyote viwili.

Nyanda wa Igoma

Mkuu nakuheshimu ila hapa unaonea. Mimi nimetumia homeopathi, pulsatila na hamamelisi, na maumivu yamepungua sana, mke wangu shahidi. Yule tabibu alikaa na mimi zaidi ya saa nzima, akaniuliza nalalaje, naota nini, nakasirikaje, chakula gani kinanikera. Hospitali nilisubiri tangu asubuhi nikaingia kwa daktari dakika tatu hajanyanyua hata kichwa. Sasa nani kanitibu hapo?

Darubini

Kaka Nyanda nakuelewa na siwezi kukubishia kwamba umepata nafuu, mwili ni wako. Na hilo la kusikilizwa ni kweli tupu, mtu akikaa na wewe saa nzima akakuuliza unalalaje unatoka pale umetua mzigo, sisi wa hospitali tunatakiwa tulione hilo.

Ila tutenganishe mambo mawili. Maumivu ya varikosili yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu anatafuta dawa siku yakiwa yamepanda, so yakishuka sifa inaenda kwa kilichokuwa mkononi. Pia mtu akiamini ametibiwa maumivu yanapungua kweli, siyo uongo, ubongo una nguvu kwenye maumivu. Lakini vali iliyoshindwa haijui kwamba umesikilizwa. Damu inaendelea kurudi, joto liko palepale, korodani inaweza kuwa inasinyaa na wewe husikii chochote. Ndo maana nakuomba kama ndugu, umepata nafuu sawa, sasa kapime mbegu na ukubwa wa korodani. Ikiwa namba ni nzuri tutafurahi wote humu.

Nyanda wa Igoma

Sijawahi kupima mbegu kwa kweli. Nitaenda.

Tabibu Halisi wa Kanda ya Ziwa

Ndugu zangu msitishwe na watu wa hospitali wanaotaka kuwakata. Nina dawa ya matone, inatibu varikosili, ngiri, chango, nguvu za kiume na kurefusha, dozi moja tu kwisha habari. Nimesajiliwa kisheria. Njoo inboksi.

Darubini

Ndugu sitakutukana. Ila wasomaji wanaelewa: sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2002 na baraza lake lipo, mtu akisajiliwa maana yake anaruhusiwa kufanya kazi na anafuatiliwa, haina maana kila kilichomo kwenye chupa yake kimethibitishwa kutibu kila anachokitaja. Na dawa moja inayotibu utumbo ulioshuka, veini iliyotanuka na nguvu za kiume kwa pamoja mimi siijui, ni sehemu tatu tofauti za mwili zenye matatizo matatu tofauti.

Halafu wakuu chunga sana chupa zisizo na lebo. Homeopathi ya 30C yenyewe haina cha kukudhuru, hatari yake ni muda unaopotea. Ila kinachouzwa kwa jina la homeopathi mtaani wakati mwingine siyo homeopathi, ni mizizi imelowekwa kwenye pombe au vidonge vya hospitali vimesagwa, hapo ini na figo vinaingia kwenye mchezo. Na vijana wa jimu mnaochoma sindano za testosteroni mkiamini zinaongeza mbegu, zinafanya kinyume, zinazima kiwanda kizima.

mama_kulwa

Naomba niongee mimi mwanamke humu, wakaka mnisamehe. Nimekaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto. Nimesafishwa kizazi, nimepigwa picha za mirija, nimezungushwa kwa waganga mpaka Sengerema huko, mama mkwe alishaanza kuulizia binti mwingine. Mume wangu muda wote huo anakunywa matone kwa siri akiwa anajua ana mshipa umevimba. Hakuniambia. Alipopima ikawa milioni 4. Tulilia wote wawili. Alifanyiwa upasuaji, baada ya kama mwaka nikashika mimba, mapacha, ndo hawa Kulwa na Doto. Simlaumu maana najua aibu ilimshika, ila wakaka tafadhali, kipimo chenu ni kikopo tu. Chetu wanatuingiza vyuma.

Darubini

Dada yangu umenigusa sana, asante kwa kuandika, na hongera kwa mapacha. Niseme kitu kimoja ili watu wasichukue ushuhuda wako wakadhani ni lazima iwe hivyo kwa wote. Baada ya upasuaji mbegu zinaongezeka kwa kama wanaume 6 au 7 katika 10, na inaanza kuonekana kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita. Mimba ni hesabu nyingine maana inategemea na mke pia, umri wake, mirija yake. Kama mke amevuka 35 ongeeni na daktari mapema, msipoteze mwaka mzima mkisubiri kitu kimoja. Ila hilo la kupima wote wawili siku moja naliunga mkono kwa mikono miwili, kipimo cha mwanaume ndo rahisi kuliko vyote na ndo kinafanywa cha mwisho, mpaka leo sijaelewa kwa nini tunakubali.

Msomi_Nyegezi

Nipo chuo hapa nina miaka 20, ya kwangu inaonekana kwa macho kushoto na korodani imekuwa ndogo. Haiumi. Nahofia upasuaji, wanasema ukikatwa huko hutasimamisha tena. Ni kweli?

Darubini

Siyo kweli mdogo wangu. Mishipa inayofungwa ni ya korodani, ya kusimamisha uume ni mingine kabisa. Wanachofanya ni kukata sehemu ndogo kinenani, wanazitafuta hizo veini zilizotanuka na kuzifunga, damu inapita njia nyingine zenye vali nzima. Wanaoifanya kwa darubini ya upasuaji wanaona vizuri ateri (mshipa unaoleta damu kwenye korodani) na mishipa ya limfu wanaiacha, kwa hiyo kujirudia ni nadra, kama mtu mmoja au wawili katika 100, na busha baada ya upasuaji linakuwa nadra pia. Upasuaji wa kawaida bila darubini kujirudia kunaongezeka. Kuna na njia ya kuziba veini kwa ndani kwa mrija mwembamba bila kisu, ila hiyo inataka mtaalamu wa mionzi mwenye vifaa. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, kubeba vizito ndo unakaa wiki kadhaa.

Na kwa umri wako na korodani inayopungua, wewe ndo wa kwenda mapema kuliko wote humu. Korodani ikiwa ndogo kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko mwenzake kwa kijana ni moja ya sababu ambazo madaktari wanazitumia kuamua kupasua hata kama haiumi. Anzia hata Sekou Toure upewe rufaa, au Bugando kwenye kliniki ya mfumo wa mkojo. Uliza maswali mawili usiogope: mnatumia darubini? na kama nisipopasuliwa mtanifuatiliaje?

Msomi_Nyegezi

Asante sana broo. Nilikuwa nimeshalipia nusu ya hayo matone.

Mvuvi Nansio

Wabeja sana mwanzisha uzi. Mimi niko Ukerewe, nataka kupima mbegu ila nimeona nikitoa hapa nyumbani asubuhi, nifunge vizuri kwenye kopo, nipande nayo meli nije Mwanza niwape. Inawezekana? Na nikitumia kondomu kukingia si ndo inamwagika kidogo?

Darubini

Hapana kaka, usifanye hivyo. Sampuli inatakiwa itufikie ndani ya saa moja na iwe na joto la mwili, mtu anayekaa karibu anaibeba mfuko wa ndani wa shati ikigusana na mwili. Meli ya Nansio inachukua masaa, na ukitoka bandarini bado daladala, kikifika kikopo mbegu zimeshakufa au zimelala, tutakuandikia hazitembei na siyo kweli. Kondomu za kawaida nazo hapana, zina vilainishi, na nyingine dawa, vinavyoweza kuua mbegu. Sabuni na mate pia usitumie.

Fanya hivi: kaa bila tendo wala kujitoa siku 2 hadi 7, zisipungue wala kuzidi, panda meli wewe mwenyewe, ukifika omba kikopo cha maabara na chumba, toa hapohapo kwa mkono. Hakikisha yote inaingia kwenye kikopo hasa ile ya mwanzo maana ndo yenye mbegu nyingi, na ikimwagika hata kidogo sema, hatukucheki, tutakupangia siku nyingine. Andika saa uliyotoa. Na kama una mke njoo naye.